Mume na mke wakilemewa: msaada hupimwaje?

Mume amerudi jioni, biashara imekwenda kombo na kodi ya nyumba inadaiwa. Anavua viatu, anakaa kimya. Mke naye kashinda na mtoto mwenye homa. Je, nyumbani kwako nani huanza kusema? Na akishasema, mwenzake hufanya nini?

Wataalamu wa saikolojia wameliundia jambo hili kipimo. Aliyekibuni ni Guy Bodenmann wa Uswisi, na kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 2008. Hakina sindano wala mashine. Ni maswali 37 yanayojibiwa kwa namba, 1 ikiwa "mara chache sana" na 5 "mara nyingi sana". Mume hujibu peke yake, na mke peke yake. Je, humweleza mwenzio unapolemewa? Humpokea kazi zake? Hukaa pamoja mkatafuta ufumbuzi?

Yanayouma ni maswali ya msaada mbaya. Yupo anayesaidia huku amenuna. Yupo anayesema "pole" macho yakiwa kwenye simu. Huyu ukimuuliza atakuapia kuwa amesaidia! Ndiyo maana mwenzake naye huulizwa.

Mwaka 2015 uchambuzi wa makundi 72 ya waliochunguzwa ulionesha kuwa wanaobebeana dhiki huridhika zaidi na uhusiano wao. Ingawa, huenda pia wenye kuridhika ndio wepesi wa kusaidiana.

Ugumu uko kwenye kuvuka tamaduni. Hata Uswisi kwenyewe ilibidi kipimo kikaguliwe kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, kwani swali likieleweka tofauti, namba hazilinganishiki. Chukua hilo la kupokea kazi. Katika nyumba zetu nyingi anayepokea ni mama mkwe, wifi au dada wa kazi. Mume atapata alama ndogo, ilhali mke hakuachwa peke yake. Na mwanamke aliyefundwa kuficha dhiki ataandika 1, wala si kwa kutompenda mumewe.

Penye kipigo au vitisho, usijaribu haya. Tafuta msaada kwa mtu unayemwamini. Penye amani, chukueni vipande viwili vya karatasi. Kila mmoja aandike namba, 1 hadi 5: juma hili mwenzangu amenisikiliza kiasi gani, nami nimemsikiliza kiasi gani? Msichunguliane. Watoto wakishalala, badilishaneni.