Nchi jirani: Dodoso lipi linafaa kumtambua mgonjwa wa akili?

Mtu anapofika katika kituo cha afya akilalamika kuumwa kichwa, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio, mara nyingi hupimwa malaria na shinikizo la damu, kisha hurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Katika nchi jirani za Afrika Mashariki, ambako daktari bingwa wa maradhi ya akili ni nadra kupatikana nje ya miji mikubwa, kazi ya kumtambua mwenye sonona au wasiwasi uliokithiri huachiwa muuguzi aliyeshika karatasi ya maswali. Karatasi hiyo ndiyo dodoso, na si kila dodoso linamfaa kila mgonjwa.

Linalotumika zaidi siku hizi ni PHQ-9, lililochapishwa Marekani mwaka 2001. Lina maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27. Anayepata 10 au zaidi huhesabiwa kuwa huenda ana sonona. Hutumiwa bila malipo, jambo lenye uzito kwa wizara isiyo na fedha, kwani madodoso mengine kama lile la Beck huuzwa. Shirika la Afya Duniani lina la kwake, SRQ-20, lenye maswali ishirini ya ndiyo au hapana. Tangu mwanzo lilijaribiwa katika nchi zinazoendelea, Sudan ikiwemo, na humfaa mtu asiyejua kusoma, kwa kuwa hahitaji kupima kama dalili yake ilimjia "siku kadhaa" au "zaidi ya nusu ya siku".

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kudhani kwamba alama zikivuka mpaka, mtu ameshathibitika kuwa mgonjwa. Hesabu inakataa. Utafiti wa mwaka 2001 ulionesha kuwa PHQ-9 huwanasa wagonjwa 88 katika kila 100, na huwaondoa kwa usahihi wazima 88 katika kila 100. Sasa tuseme watu 1,000 wamepimwa na 100 kati yao wana sonona. Dodoso litawanasa wagonjwa 88, lakini pia litawanyoshea kidole wazima 108. Katika watu 196 walioambiwa wana dalili, zaidi ya nusu hawana ugonjwa huo. Kwa hiyo dodoso ni chujio tu. Baada yake lazima awepo mtu aliyefunzwa, atakayeketi na mgonjwa na kumhoji kwa kina. Pasipo mtu huyo, kuwapima watu wengi ni kuwatia hofu bure.

Tena mpaka wa 10 haukuwekwa na Mungu. Uchovu, kukonda na kukosa hamu ya kula ni dalili za sonona, lakini ni dalili pia za kifua kikuu, za virusi vya UKIMWI na za ujauzito. Ndiyo sababu watafiti walilijaribu upya PHQ-9 kwa watu wanaoishi na virusi hivyo magharibi mwa Kenya, na huko Dar es Salaam wakalipima dodoso la Hopkins kwa wajawazito wenye virusi. Kwa mama aliyejifungua, wengi huchagua dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, ambalo maswali yake kumi yanahusu zaidi hisia kuliko mwili.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi unatoka Uganda. Watafiti waliokwenda wilaya za Masaka na Rakai, zilizoumizwa vibaya na UKIMWI, hawakuanza na karatasi. Waliwauliza wanakijiji, kwa Kiganda, ni matatizo gani yaliyoletwa na maradhi hayo. Wakatajiwa hali mbili zenye majina yake: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Dalili nyingi zilifanana na zile za sonona vitabuni, lakini nyingine, kama kuuchukia ulimwengu au kutoshukuru msaada, hazimo katika orodha za Ulaya na Marekani. Hapo ndipo dodoso la Hopkins liliporekebishwa. Wanaume na wanawake pia waliulizwa kila upande kazi zao za kila siku ni zipi, ili ijulikane ugonjwa umemzuia mtu kufanya nini hasa. Kwa vipimo hivyo, vijiji 30 viliingizwa katika jaribio la tiba ya vikundi lililochapishwa mwaka 2003, na waliokutana kila juma kwa majuma 16 walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliosubiri.

Kwa wasemaji wa Kiswahili walio wachache katika nchi zao, funzo hilo lina makali yake. Dodoso lililotafsiriwa Dar es Salaam si lazima lieleweke Bukavu au Bujumbura. "Sonona" ni neno la kawaida Tanzania. Kwingine mtu atasema ana mawazo mengi, au moyo wake ni mzito. Tafsiri nzuri hurudishwa katika lugha ya asili na mtu mwingine asiyeiona ile ya kwanza, kisha husomewa watu wa kawaida na kuulizwa wameelewa nini.

Swali la tisa la PHQ-9 ndilo zito kuliko yote: huuliza kama mtu amewaza kwamba afadhali afe, au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri linataka mazungumzo siku hiyo hiyo, hata jumla ikiwa ndogo. Ukweli wa jibu hutegemea pia hofu ya sheria. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinapingana na Katiba. Hutegemea vilevile ni nani anayesikiliza. Pale muuguzi asipojua lugha ya mgonjwa, mara nyingi mtoto ndiye huitwa kumtafsiria mama yake, na mama hawezi kumwambia mwanawe kwamba anatamani kufa. Mgonjwa ana haki ya kuomba mkalimani asiye ndugu, na chumba chenye mlango uliofungwa.