Fidla mbili, karatasi moja

Mwaka 1738, mjini Paris, mtunzi Georg Philipp Telemann alichapisha sonata sita za wapigaji wawili, kwa fidla mbili au filimbi mbili. Hakuna besi wala kinanda cha kuwasindikiza. Tena wote wawili wanasoma mstari mmoja. Wa kwanza anaanza; wa pili anasubiri, mara nyingi kipimo kimoja tu, kisha anaingia na noti zilezile na kumfuata mwenzake. Utunzi wa namna hii huitwa kanoni.

Ugumu uko kwa mtunzi. Kila kipimo kina kazi mbili: kwanza ni wimbo unaosonga mbele, na papo hapo, mikononi mwa mpigaji wa pili, kinageuka msindikizo wa kipimo kinachofuata. Telemann hakuweza kuandika kipimo cha tano bila kukilaza juu ya cha nne na kusikiliza kama vinapatana. Hatari kubwa ni muziki kukwama, kwa kuwa anayefuata anarudisha kila mara sauti za nyuma, na akodi inang'ang'ania palepale.

Dawa yake ni noti zenye makao mengi. Chukua sol: imo katika akodi ya sol meja, imo katika do meja, imo pia katika mi maina. Wa pili anaporudia sol yake, wa kwanza amekwisha hamia do, na sikio halioni mshono. Mwishoni anayefuata hafikii tamati ya mstari. Anakoma kwenye alama iliyowekwa njiani, mwenzake anapomaliza, na wote wanatua pamoja. Kwangu huu ni ufundi mzito kuliko tamasha nyingi za ala hamsini.

Masikio ya Katanga ya zamani, kutoka Likasi hadi Kalemie na Niemba, si mageni kwa nyuzi zinazojibizana. Mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alitoa sauti mbili kwa gumba na kidole cha shahada tu. Ila gitaa za rumba hugawana kazi, solo huku, msindikizo kule. Kwa Telemann hakuna mkubwa.

Mjini Kinshasa, orkesta ya kanisa la Wakimbangu iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994 ilianza kwa watu kupokezana ala chache. Muziki wa Telemann unafaa mahali pa namna hiyo. Hata fidla si lazima: gitaa husoma ufunguo uleule wa sol, ikisikika oktava moja chini, kwa hiyo vijana wawili wa Niemba wenye gitaa wanaweza kutumia karatasi ileile. Waanze na sonata ya kwanza, ya sol meja, polepole, mmoja akihesabu kipimo kwa sauti kabla ya kuingia. Wakiizoea, wabadilishane: aliyefuata aongoze.