Teke la pembeni: Silaha ya bingwa aliyepigana kwa mguu mmoja

Mwaka 1966, Mmarekani Bill Wallace aliumia vibaya goti la kulia akicheza judo. Kwa mtu anayeishi kwa mateke, wengi wangesema safari imeishia hapo. Kumbe ndo kwanza ilikuwa inaanza.

Wallace aligeukia karate, akapiga mateke kwa mguu wa kushoto peke yake. Mwaka 1974 alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa kati katika pambano la ngumi na mateke. Alipostaafu mwaka 1980, alikuwa na ushindi 23 na hajapoteza hata pambano moja.

Wapinzani wote walijua ni mguu gani unakuja. Bado uliwapata. Moja ya silaha zake kubwa ilikuwa teke la pembeni.

Nguvu inatoka wapi?

Wengi wanaoanza hurusha mguu tu. Teke hili halirushwi, linasukumwa.

Unasimama kiubavu. Goti linapanda likiwa limekunjwa, mguu wa kusimamia unageuka mpaka kisigino chake kimwelekee mpinzani, kisha nyonga inasukuma na mguu unanyooka. Kinachogonga ni kisigino au ukingo wa nje wa unyayo, si vidole.

Usipogeuza mguu wa kusimamia, nyonga inakwama. Teke linakosa nguvu na goti lako mwenyewe linapata shida.

Kwa nini ni gumu kulisoma?

Wallace alikuwa akiinua goti kwa namna ileile kila mara. Kutoka hapo angeweza kusukuma teke la pembeni mbavuni, kuzungusha mguu hadi shavuni, au kuupitisha na kuurudisha kwa kisigino.

Mpinzani analiona goti, ila hajui kinachofuata. Akishusha mikono kulinda mbavu, kichwa kiko wazi.

Lipigwe wakati gani?

Wakati mzuri ni pale mpinzani anapoingia. Mguu ni mrefu kuliko mkono, kwa hiyo anagonga kisigino chako kabla ngumi yake haijafika, tena akiwa na uzito wake wote.

Mguu wa mbele ndio unaofaa zaidi hapa kwa sababu uko karibu naye. Hata teke lisipomwangusha, linamsimamisha na kumrudisha mbali.

Akiwa ameshakukaribia sana, liache. Hakuna nafasi ya kunyoosha mguu.

Hatari yake

Ukichelewa kurudisha mguu, utadakwa na kubaki umesimama kwa mguu mmoja. Ndiyo maana makocha husisitiza: goti lirudi kwa njia ileile lililoendea.

Hatari nyingine ni kwa mwenzako. Kwenye UFC, teke la pembeni la gotini linaruhusiwa, lakini taekwondo ya Olimpiki inakataza kupiga chini ya kiuno. Mazoezini, lenga mwili, kwani goti likivunjika linaweza kumaliza safari ya mtu.

Anzia hapa

Shika ukuta. Inua goti, nyoosha mguu polepole, tulia kidogo, ukunje tena ndipo uushushe. Fanya mara 10 kila upande, chini ya usawa wa kiuno kwanza. Ukiweza kufanya hivyo bila kuyumba, ndo uongeze kasi.