Beberu Katika Bilauri

Wapo walimu wanaoamini kwamba neno likihama kwao huharibika, na kwamba mlinzi bora wa lugha ni yule afungaye malango. Mimi nitawajibu kwa bia. Wanafunzi nao na wasome tu. Kuonja wawaachie wakubwa wao.

Mji wa Einbeck, kaskazini mwa Ujerumani, ulisifika tangu zama za kati kwa bia yake kali. Bia hiyo ilipofika Munich, kusini, wenyeji walilitamka jina la mji huo kwa lafudhi yao hata likasikika ‘ein Bock’, yaani beberu mmoja. Kosa hilo likakita mizizi: bia ikaitwa Bock, na hadi leo chupa nyingi hubandikwa picha ya mbuzi.

Hata hivyo, watu wa kusini walikuwa wakali kuhusu kilichomo chunguni. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu shayiri, maji na maua machungu yaitwayo hopsi, basi. Utamu wa Bock yao ukawa ni wa kimea cha shayiri, wala si wa sukari.

Wabelgiji hawana mwiko huo. Nilipoonja Bock nyeusi ya Kibelgiji mjini Brussels, nilikutana na ladha ya zabibu kavu na sukari iliyoungua, kisha uchungu mwembamba ukafuata. Mjerumani mkongwe angeikana. Mimi niliitambua: uzito wa kimea ulikuwapo, na sukari ilikuwa mgeni mwenye adabu. Isitoshe, mwaka 1987 Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya iliamua kwamba Ujerumani haiwezi kuzinyima bia za jirani zake jina la bia eti kwa kuwa hazikufuata kanuni yake.

Sasa tujitazame. Neno ‘shule’ lenyewe tulilipata kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika. Tuliliandika kwa tahajia yetu, tukalitia katika ngeli ya I-ZI, na leo nani hulionea shaka?

Kwa hivyo, mwalimu anaposahihisha insha, asiulize tu neno limezaliwa wapi. Aulize kama limetii sarufi yetu, na kama limeleta maana ambayo hatukuwa nayo. Likifaulu hapo, na alipe alama yake. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone.