Kingamwili inayofichua siri ya misuli inayodhoofika

MVULANA wa miaka minne anaposhindwa kuinuka sakafuni bila kujisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe, jamaa wengi hudhani ni uvivu, au kwamba atapata nguvu akikua. Tena vigimbi vyake huwa vinene, na majirani humsifu kwa miguu imara.

Daktari mzoefu huona jambo jingine. Hizo ni dalili za ugonjwa wa Duchenne, ambao hupata takriban mvulana mmoja kati ya 5,000 wanaozaliwa na huwafikisha wengi wao kwenye kiti cha magurudumu wakiwa na umri wa miaka 12 hivi. Unene wa vigimbi hivyo, kwa kiasi kikubwa, ni mafuta na makovu yaliyochukua nafasi ya msuli uliokufa.

Chanzo chake kilibainika mwaka 1987, wakati Eric Hoffman na Louis Kunkel, huko Boston, Marekani, walipotambua protini waliyoiita distrofini. Upande mmoja protini hii hushikamana na aktini, nyuzi nyembamba zilizo ndani ya seli ya msuli. Upande wa pili hufungwa kwenye utando wa seli. Ni mithili ya kamba inayozuia turubai la lori lisipeperushwe na upepo. Kamba ikikosekana, kila msuli unapojikunja utando huchanika, na hatimaye seli hufa.

Taabu ni kwamba distrofini ni adimu mno. Katika kila kilo 100 za protini za msuli, distrofini ni gramu mbili tu. Kuitafuta kulihitaji kifaa chenye uwezo wa kuchagua kitu kimoja na kupuuza vingine vyote, na kifaa hicho ni kingamwili.

Watafiti hao wa Boston walitengeneza vipande vya protini hiyo na kuwadunga wanyama, ambao miili yao ilizalisha kingamwili za kuvishambulia. Baadaye wanasayansi wa Newcastle, Uingereza, walitumia mbinu iliyovumbuliwa mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein, ya kuunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani ili kupata kingamwili ya aina moja isiyokwisha. Walipata moja inayonasa kichwa cha distrofini, nyingine kiwiliwili na nyingine mkia.

Kwa nini tatu? Katika ugonjwa wa Duchenne, distrofini huwa karibu haipo kabisa. Katika ugonjwa wa Becker, ulio nduguye mpole, huwapo lakini imekatika sehemu. Maabara ikitumia kingamwili moja tu, na ikawa inalenga sehemu hiyo iliyokosekana, mtoto ambaye pengine angetembea hadi utu uzima ataandikiwa hukumu isiyo yake.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa kipande kidogo cha msuli kilichogandishwa na kukatwa vipande vyembamba sana. Kingamwili hupakwa, kisha hufuatwa na rangi inayong'aa. Chini ya hadubini, msuli wenye afya huonyesha pete angavu kuzunguka kila uzi. Wa Duchenne huwa giza. Hata hivyo giza peke yake halitoshi. Huenda kipande kiliharibika njiani, na kwa hivyo fundi makini hupima pia protini nyingine ya utando, spektrini. Nayo isipoonekana, kosa ni la kipande wala si la mtoto.

Siku hizi uchunguzi wa jeni kupitia damu hutangulia, na msuli hukatwa pale damu inapokosa jibu. Lakini kingamwili ingali mwamuzi wa dawa mpya. Septemba 2016 Marekani iliidhinisha eteplirsen, licha ya pingamizi za baadhi ya wakaguzi wa serikali, kwa sababu distrofini ya wagonjwa waliopimwa ilipanda kutoka asilimia 0.16 hadi 0.44 tu ya kiwango cha kawaida.

Juni 2023 iliidhinisha tiba ya jeni inayoupa msuli distrofini iliyofupishwa, ingawa wavulana wawili walifariki mwaka 2025 baada ya ini kushindwa kufanya kazi. Protini hiyo fupi haina mkia, na kingamwili ya mkia haiwezi kuiona. Inayotumiwa kuitafuta ni ile ya kichwa, panaposhikwa aktini.