Kabla Hujanunua Bando Kubwa Zaidi

Siku za malipo ya majani chai, mabenchi nje ya ofisi za akiba na mikopo katika miji midogo ya Konoin, Bomet, kama Mogogosiek hujaa tangu asubuhi. Ndani, keshia anaandika nambari ya uanachama, anagonga kitufe, kisha anakodolea skrini macho. Tarakimu mbili zinatokea, kimya, halafu nne zinakuja kwa mkupuo. "Ngoja kidogo, mzee, mtambo umelala," anamwambia mkulima aliye dirishani.

Mtambo haujalala. Programu ya hesabu anayoitumia haimo kwenye kompyuta iliyo mbele yake. Imo kwenye seva iliyo Kericho au Nairobi, na anachokiona ni picha ya kazi inayofanyika huko. Mafundi huuita mpangilio huu rimoti desktopu, na umeenea kwenye ofisi za Kericho na Bomet kwa sababu za maana: vitabu vya wanachama hukaa mahali pamoja, kompyuta ikiibwa haiondoki na siri za watu, na tawi dogo halihitaji kumwajiri mtaalamu wa seva.

Mpangilio huu ukianza kuvuta miguu, lawama humwendea mtoa huduma wa intaneti, na dawa ya kwanza huwa ni kupandisha kifurushi. Meneja anatia saini, bili inaongezeka, na wiki moja baadaye keshia bado anamwambia mzee angoje. Mara nyingi kilichonunuliwa si kile kilichokosekana.

Megabiti kwa sekunde zinaeleza data kiasi gani inaweza kupita. Hazisemi paketi moja, yaani kipande kidogo cha data, inachukua muda gani kwenda na kurudi, na kwa kompyuta ya mbali muda huo ndio unaouma. Keshia akigonga 7, habari ya kitufe hicho husafiri hadi kwenye seva, seva inaichora 7 kwenye skrini yake, kisha inarudisha kipande kidogo cha picha kilichobadilika. Ni data kidogo mno. Safari hiyo ikichukua chini ya milisekunde 50, mtu hahisi chochote. Kwenye 100 anaanza kuhisi uzito. Kwenye 200 mkono hulitangulia jicho, na hapo makosa huzaliwa: mtu anadhani kitufe hakikushika, anakigonga tena, na shilingi 7,000 zinaingia kama 77,000.

Sehemu ya muda huo haipunguziki. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za faiba hugharimu milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Kutoka Kericho hadi Nairobi ni kama kilomita 260 kwa barabara. Hata ukijumlisha ruta zote za njiani, milisekunde 10 hadi 20 ni matarajio ya haki kwa laini iliyo timamu. Seva ikiwa Ulaya, paketi huteremka hadi Mombasa, huingia baharini, hupitia Bahari ya Shamu, na hesabu hufika 150 au zaidi. Hakuna kifurushi kinachofupisha bahari. Swali la kumuuliza anayekuuzia mfumo, kabla hata ya bei, ni seva yenyewe itakaa mji gani.

Jibu lake lina uzito kuliko linavyoonekana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Kenya ikazorota. Ofisi ambayo seva yake iko Nairobi haina sababu ya kuumia siku kama hiyo, mradi paketi zake hazitoki nje ya nchi. Zamani zilikuwa zikitoka. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha KIXP kuanzishwa Nairobi mwishoni mwa 2000, ujumbe kutoka kwa mtoa huduma mmoja wa Nairobi kwenda kwa mwingine wa mtaa uleule ulipaa kwenye setilaiti, ukatua ng'ambo, kisha ukarudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, mdhibiti akakifunga kituo, na kikafunguliwa tena 2002. Tunachokichukulia leo kuwa kitu cha kawaida kilipiganiwa.

Kwa wanaotegemea setilaiti, kuna setilaiti na setilaiti. Zile za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lipande na kushuka, jibu nalo lipande na kushuka, tayari karibu nusu sekunde imekwisha hata kukiwa shwari. Za Starlink, iliyoanza kuuza huduma Kenya Julai 2023, huzunguka takriban kilomita 550 tu kutoka ardhini, kwa hiyo ucheleweshaji wake ni mdogo sana kando ya zile za kwanza.

Basi pima, na upime kwa hatua. Fungua dirisha jeusi la amri kwenye Windows, andika ping -t ukifuatisha anwani ya ruta yenu. Kompyuta ikiwa kwenye kebo, majibu yawe chini ya milisekunde moja; kwenye waifai, mbili hadi tano hivi. Ukiona 3, halafu 140, halafu 6, halafu 90, usimpigie mtoa huduma simu. Ugonjwa uko ndani ya nyumba: ruta imewekwa juu ya kabati la chuma, au ukuta wa mawe umeikalia njiani. Mvutie keshia kebo. Ni kazi ya mchana mmoja na mara nyingi ndiyo tiba nzima. Ruta ikiwa safi, pima hadi kwenye seva, asubuhi kabla ofisi haijachangamka na tena saa tano watu wakiwa wamejaa. Usiridhike na wastani. Laini ya milisekunde 60 isiyoyumba inafanya kazi vizuri kuliko ile inayorukaruka kati ya 15 na 400.

Tofauti ya asubuhi na saa tano ndiyo inayofichua ugonjwa ninaoukuta kuliko mwingine wowote, yaani foleni ndani ya ruta. Mama mwenye kikapu kimoja akifika kituo cha kununulia majani wakati jirani yake ameshapanga magunia ishirini mbele ya mizani, atangoja yote yapimwe. Karani hajapunguza kasi. Mama amechelewa tu kwa sababu ya aliyemtangulia. Kitufe cha keshia ndicho kikapu hicho. Magunia ni nini? Laini nyingi za ofisi ndogo hutoa kasi kubwa ya kushusha na ndogo ya kupandisha. Tuseme ofisi ina megabiti 8 za kushusha na 1 ya kupandisha. Simu iliyo mfukoni mwa mlinzi, kwa kuwa imeunganishwa na waifai ya ofisi, inaanza kuhifadhi picha za harusi ya wikendi mtandaoni. Picha moja ya megabaiti 4 ni megabiti 32, yaani sekunde 32 za kuijaza laini ya kupandisha. Ruta ya bei rahisi, badala ya kuzikataa paketi za ziada, huzilimbikiza. Ikiwa na akiba ya kilobaiti 256, kila kitakachofika nyuma yake kitangoja sekunde mbili nzima kabla hakijatoka mlangoni. Kipimo cha kasi kitasema laini ni nzima, maana kweli ni nzima. Mhandisi Jim Gettys aliyaanika matatizo haya kuanzia 2010 baada ya kuyakuta kwenye laini ya nyumbani kwake Marekani.

Tiba yake huwashangaza wateja, kwa sababu unaiponya laini kwa kuipunguza kasi. Unaiamuru ruta itume asilimia 85 hadi 90 tu ya uwezo halisi wa kupandisha, ili foleni isijengeke ndani ya modemu msiyoitawala bali ndani ya ruta yenu, mnakoweza kuipanga. Kisha unawasha mpangilio unaoipa kila safari ya data zamu yake, kama fq_codel, uliowekwa kwenye kumbukumbu rasmi za wahandisi wa intaneti 2018, au CAKE. Vyote viwili vimo katika OpenWrt, mfumo huria wa ruta, na katika toleo la 7 la mfumo wa ruta za MikroTik. Vitufe vya keshia hupenya kati ya picha za harusi, na picha nazo zinafika, ila polepole. Kwenye laini ya mtandao wa simu, ambayo kasi yake hupanda na kushuka kila saa, kiwango kimoja hakikai sawa. Weka cha chini zaidi na ukubali hasara. Ukiwa papo hapo, tenga waifai ya wageni na simu, uipunguzie kasi, na uzizuie kompyuta za Windows zisigawe masasisho kwa kompyuta za watu wengine huko mtandaoni. Windows ina mpangilio unaoweza kuyagawa hivyo bila kelele.

Kuna chanzo kingine, na hiki sijawahi kukiona katika kitabu chochote cha mafundi wa seva. Ofisi nyingi za huku hazina faiba mlangoni. Hupata intaneti kwa redio kutoka mnara ulio kilima cha pili, antena mbili zikitazamana. Viwanda vya chai hukausha majani kwa mvuke, boila huchomwa kuni, na kuni hizo ni mikaratusi. Mkaratusi ukikatwa huchipuka tena kwenye kisiki, na katika ardhi na mvua ya Konoin hupanda mita kadhaa kwa mwaka. Fundi aliyefunga antena wakati shamba limekatwa aliuona mnara waziwazi. Misimu michache baadaye vilele vimeingia kwenye njia ya mawimbi, na hata kabla havijaufunika mnara machoni, vimeshaila nafasi ambayo mawimbi huihitaji juu na chini ya mstari ulionyooka. Tatizo hili lina saini yake: asubuhi kavu mambo ni shwari; mvua ya alasiri ikishanyesha, majani yaliyolowa hunyonya mawimbi, paketi zinapotea, na skrini inaganda hata baada ya mvua kukatika. Upepo nao hufanya namba zirukeruke. Watu husema mvua imeharibu mtandao. Kwa redio za gigahatsi 5, zinazotumika sana kwenye viungo hivi, mvua yenyewe ikiwa angani haina athari ya kutajwa; mwenye hatia ni jani lililolowa. Panda juu ya paa ukiwa na darubini ya mkono, halafu mwombe mtoa huduma namba za nguvu ya mawimbi za siku ya kwanza na za leo. Dawa ni mlingoti mrefu zaidi, mnara mwingine, au mazungumzo na mwenye shamba.

Paketi zikipotea, namna seva inavyosafirisha picha huleta tofauti. Rimoti desktopu ya Windows imeweza kutumia njia mbili za kusafirisha paketi, UDP sambamba na TCP, tangu kizazi cha Windows 8 na Server 2012, kupitia lango 3389. Kwa TCP pekee, paketi moja ikipotea zote zilizo nyuma husimama kuingoja. Ndiyo maana skrini huganda kisha hutapika kila kitu kwa pamoja. Kwenye ukanda wa juu wa dirisha la rimoti kuna alama ya vijiti vya mawimbi. Ibofye, itakuambia hali ya muunganisho na kama UDP inafanya kazi. Isipofanya, huenda ukuta wa moto umeifunga. Lakini usilifungue lango hilo wazi kwa dunia nzima. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu ulioitwa BlueKeep, uliomruhusu mgeni kuingia kupitia huduma hii bila nywila, na wanaobisha langoni hawajaacha. Pita ndani ya VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa kwa usimbaji, nayo iwe ya kutumia UDP, kama WireGuard. VPN ya TCP juu ya laini inayopoteza paketi ni adhabu juu ya adhabu.

Marekebisho yanayotajwa na kila mtu, kuzima picha ya mandharinyuma, michoro inayocheza na ulainishaji wa herufi, yafanye kwa dakika tano na usiyategemee sana. Yamo kwenye kichupo cha Experience cha programu ya kuunganisha. Kupunguza ukubwa wa dirisha kuna faida zaidi, maana picha ndogo ni data kidogo. Zima sauti na uunganishaji wa diski za kompyuta yako kama huvitumii.

Printa ni suala zito zaidi. Risiti ya keshia huchapwa ofisini, lakini hutengenezwa kwenye seva, na data yake husafiri ndani ya njia ileile inayobeba skrini. Ripoti ya kurasa 40 yenye nembo ya rangi kila ukurasa inaweza kuwa makumi ya megabaiti, na wakati inapita, dirisha zima husimama. Risiti zichapwe kwa maandishi matupu bila nembo, na ripoti nzito zihifadhiwe kama PDF zichukuliwe jioni.

Baada ya haya yote, upo wakati kifurushi kikubwa ndicho dawa ya haki. Microsoft hukadiria megabiti 1.5 kwa mtumiaji wa kazi nyepesi na 3 kwa wa kazi ya wastani. Ni makadirio ya ukarimu, kwani kuandika namba hutumia chini ya hapo kwa sehemu kubwa ya siku, ila skrini nzima ikibadilika hitaji huruka ghafla. Makarani kumi kwenye laini ya megabiti 5 watabanana hata foleni ikipangwa vipi. Ukiona pingi ya alfajiri ni nzuri, mikaratusi haijauziba mnara, foleni imepangwa, na mchoro wa matumizi kwenye ruta bado unagonga dari kwa saa nzima siku za malipo, panda. Ukifika kwa mtoa huduma, uliza kasi ya kupandisha kwanza, na omba iandikwe kwenye mkataba pamoja na ile ya kushusha.