UVIMBE WA MAJI KATIKA INI: USIKUBALI KUTOBOLEWA, NENDA UKAPIMWE



Karatasi hii inaeleza ugonjwa ambao wengi wenu hamkuujua huko mlikotoka. Kaunti ya Turkana, ambako kambi yetu ya Kakuma iko tangu 1992, ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako ugonjwa huu umeonekana kwa wingi sana. Uko pia ng'ambo ya mpaka, kwa wafugaji wa Sudan Kusini kama Watoposa. Madaktari huuita haidatidi. Hapa tutauita uvimbe wa maji.

Ugonjwa huu unatibika. Mara nyingi unaohatarisha maisha ni ule uliofichwa miaka mingi, au ule uliotobolewa na mtu asiye daktari.

UVIMBE HUU NI NINI?

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, juu, chini ya mbavu. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza nyongo, maji ya kijani yanayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Nyongo hupita katika mirija midogo mpaka kwenye utumbo.

Uvimbe wa maji ni kifuko kinachoota ndani ya ini. Kimejaa maji meupe kama ya kisima, na ndani ya maji hayo kuna mbegu za mnyoo. Mara nyingine ndani ya kifuko kikubwa kuna vifuko vidogo vingi, kama zabibu. Kati ya wagonjwa 10, karibu 7 wana uvimbe kwenye ini na 2 kwenye mapafu. Waliobaki wanao mahali pengine mwilini.

UNAPATIKANAJE?

Mnyoo wenyewe unaishi ndani ya utumbo wa mbwa. Ni mdogo sana, haufiki sentimita 1, na mbwa haonekani mgonjwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kubaki kwenye udongo, kwenye maji na kwenye manyoya yake. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akila majani yenye mayai hayo, anaota vifuko kwenye ini na mapafu. Mnyama huyo akichinjwa na mbwa akatupiwa ini lile bichi, mbwa anapata minyoo mipya. Hivyo mzunguko unaendelea.

Mtu anaingia katika mzunguko huu pale anapomeza mayai ya mbwa: kwa mikono isiyonawiwa, kwa chombo kilicholambwa na mbwa, au kwa maji ya kisima kifupi kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto ambako mbwa pia wanakunywa.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, mgonjwa hamwambukizi mtu mwingine. Unaweza kula naye na kulala naye nyumba moja. Pili, nyama ya mbuzi yenyewe haikupi ugonjwa huu. Anayeupata kwa kula ini lenye vifuko ni mbwa, na mbwa ndiye anayetuletea sisi.

DALILI ZAKE

Uvimbe unakua polepole. Mtu anaweza kukaa nao miaka bila maumivu. Baadaye anaweza kuona:

- tumbo linajaa au linavimba upande wa kulia;
- uzito au maumivu chini ya mbavu;
- kushiba upesi, kichefuchefu;
- macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi na choo cheupe, kama uvimbe umebana mirija ya nyongo au umepasukia humo.

Macho ya manjano yana sababu nyingine nyingi, kama homa ya ini na malaria kali. Kila mwenye macho ya manjano aende zahanati siku hiyo hiyo, hasa mama mjamzito.

Chukua mfano huu. Tumbo la mama mmoja linakua. Majirani wanasema ana mimba. Miezi tisa inapita, mwaka unapita, mtoto hakuna. Sasa majirani wale wale wanasema amerogwa, na mumewe anaanza kumwangalia vibaya. Mama huyu hana mimba wala hakurogwa. Ana ugonjwa unaoonekana kwa picha. Asifichwe nyumbani.

KWA NINI ASITOBOLEWE NYUMBANI?

Watu wengine wakiona uvimbe una maji, wanataka kuutoboa kwa kisu au chuma cha moto ili maji yatoke. Usikubali. Kifuko kikipasuka, maji yake yanamwagika ndani ya tumbo. Mwili unaweza kuyakataa kwa ghafla: ngozi inawasha, pumzi inabana, moyo unazimia, na mgonjwa anaweza kufa katika muda mfupi. Akinusurika, zile mbegu zinaota upya kila zilipodondoka, na aliyekuwa na uvimbe mmoja anakuwa nayo mingi.

Kwa sababu hiyo hiyo usimkande mgonjwa tumbo kwa nguvu. Mgonjwa wa uvimbe akianguka au akipigwa tumboni, kisha akaanza kuwashwa, kukosa pumzi au kuumwa sana, mpelekeni hospitali mara moja, hata usiku.

DAKTARI ANAUTAMBUAJE?

Atakuuliza maswali na kukupapasa tumbo. Kipimo kikubwa ni altrasaundi, mashine inayotumia sauti isiyosikika kuonyesha picha ya ndani. Haiumizi, haikati, haina madhara kwa mimba. Mashine hii ilifanya kazi kubwa hapa Turkana. Shirika la AMREF lilipoanza mpango wa kuzuia ugonjwa huu kaskazini magharibi ya Turkana mwaka 1983, watu walipimwa huko huko vijijini kwao. Damu pia inaweza kupimwa, lakini damu peke yake haitoshi.

Picha humwonyesha daktari kama kifuko kiko hai au kimekufa, ni kikubwa kiasi gani na kiko karibu na nini. Hapo ndipo anapochagua matibabu.

MATIBABU: SI KILA MGONJWA ANAPASULIWA

Njia ni nne.

1. Kungoja na kuangalia. Kifuko kilichokufa na kukauka, kisichosumbua, huachwa. Mgonjwa anarudi kupigwa picha kila anapoitwa. Daktari akikwambia ungoje, hakukudharau.

2. Vidonge. Albendazoli huua vifuko vidogo. Humezwa mara mbili kwa siku pamoja na chakula chenye mafuta, kwa miezi kadhaa. Kidonge kimoja cha minyoo ya kawaida hakitoshi. Damu hupimwa kila mara kwa sababu dawa inaweza kusumbua ini. Mwanamke mwenye mimba au anayedhani anayo aseme kabla ya kuanza.

3. Sindano. Daktari anaangalia kwa altrasaundi, anaingiza sindano ndefu kupitia ini, anavuta maji, anatia maji ya chumvi kali au spiriti ya hospitali ili kuua mbegu, kisha anavuta tena. Utauliza: mbona yeye anatoboa na mtaalamu wa kienyeji tumemkataza? Kwa sababu daktari anaona sindano inapopita, mgonjwa amekwisha kumeza dawa ya kuua mbegu, na dawa ya kuokoa pumzi iko tayari pembeni.

4. Upasuaji. Huu ni kwa vifuko vikubwa, vyenye vifuko vidogo ndani, vilivyo karibu kupasuka, au vilivyoingilia mirija ya nyongo. Mgonjwa analazwa usingizi kwa nusukaputi, hasikii maumivu. Daktari anazungushia ini vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, ili tone lisimwagike tumboni. Anavuta maji, anatoa kifuko, anaziba mirija ya nyongo inayovuja. Mara nyingine huacha mpira mwembamba unaotoa maji nje kwa siku kadhaa. Mpira huo usiuvute.

Upasuaji una hatari zake: kutoka damu, kuvuja nyongo, kidonda kuoza, uvimbe kurudi. Ndiyo maana mgonjwa hupewa albendazoli kabla na baada, na huendelea kupigwa picha kwa miaka kadhaa. Usiache kurudi kwa sababu unajisikia mzima.

UKIPEWA RUFAA

Upasuaji wa ini haufanyiki kila hospitali, kwa hiyo unaweza kupelekwa mbali. Tunza barua ya rufaa na picha zako pamoja na kadi ya mgao. Uliza nani atabaki na watoto na nani atachukua mgao wako, na mwambie kiongozi wa bloku kabla ya kuondoka. Kama husikii lugha ya daktari, omba mkalimani. Ni haki yako kuelezwa kabla ya kuweka sahihi au kidole. Siku ya upasuaji usile wala usinywe tangu saa utakayoambiwa, hata uji kidogo. Sema dawa zote ulizotumia, na za mitishamba pia. Hakuna atakayekugombeza.

TUJIKINGE

- Anayechinja asimtupie mbwa ini wala mapafu mabichi. Yachomwe au yafukiwe chini sana, mbwa asiweze kufukua.
- Mwenye mbwa amfunge wakati wa kuchinja, na aulize watu wa mifugo dawa ya minyoo ya mbwa.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto na baada ya kumshika mbwa.
- Chota maji bombani. Maji ya mchanga wa mto Tarach yachemshwe.
- Vyombo na chakula viwekwe juu, mbwa asifike.

Wenyeji wetu wameishi na ugonjwa huu kwa miaka mingi kabla sisi hatujafika. Tusiwacheke wala tusiwaogope. Mbwa wa kijijini na mbwa wa kambini hula mahali pamoja, kwa hiyo kinga ni yetu sote.

Ukiwa na uvimbe tumboni, au ukimjua aliye nao, mwone mhudumu wa afya wa bloku yako wiki hii. Na msomee karatasi hii jirani yako asiyejua kusoma.